Jinsi ya kuandika taarifa ya uchovu wa rubani hadi ifanyiwe kazi

Maswali ni yale yale kila kundi jipya la marubani linapomaliza miezi yake ya kwanza kwenye rosta, yaani ratiba ya zamu. Nilisinzia angani, nimwambie nani? Saa zangu zote zilikuwa ndani ya kikomo, sasa nitalalamikia nini? Nikiripoti, jina langu litafika wapi? Nimeyajibu kwa mdomo mara nyingi, nikaona afadhali niyaandike mara moja.

Mwongozo huu ni wako wewe rubani wa ndege za abiria au mizigo ambaye hujawahi kujaza taarifa ya uchovu, au uliwahi kujaza ikarudi na jibu la mstari mmoja: "Zamu ilikuwa halali." Jibu hilo lina dawa, nayo iko katika namna unavyoandika.

Neno moja kabla ya kazi

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linautaja uchovu kuwa hali ya mwili na akili kupungukiwa uwezo kwa sababu nne: kukosa usingizi, kukaa macho muda mrefu, saa ya mwili (mpangilio wa mwili wa kulala na kuamka), na uzito wa kazi. Zikariri hizo nne, kwa sababu taarifa yako itajengwa juu yake. Kikomo cha saa za kazi kinapima muda uliopita tangu uripoti kazini. Hakijui uliamka saa ngapi.

Jambo la pili: uchovu hauachi alama kwenye kisanduku cheusi. Tarehe 18 Agosti 1993 ndege ya mizigo aina ya DC-8 ilianguka ikijaribu kutua Guantanamo, Kuba. Wote watatu waliokuwa wakiiendesha walinusurika, wakaweza kuulizwa walilala lini. Ikabainika kwamba kapteni alikuwa macho kwa saa 23 na nusu, rubani msaidizi saa 19, na mhandisi wa ndege saa 21. Wachunguzi wa Marekani wakauweka uchovu kwenye chanzo cha ajali, jambo ambalo hadi wakati huo halikuwa la kawaida hata kidogo. Wangekuwa wamekufa, sehemu kubwa ya hesabu hiyo ingezikwa nao. Wewe uko hai na unakumbuka, kwa hiyo andika.

Unachohitaji mkononi

- Rosta mbili: ile iliyochapishwa mwanzoni mwa mwezi, na ile iliyofanyika kweli baada ya mabadiliko yote. Piga picha ya skrini kila inapobadilishwa, maana mifumo mingi huonyesha toleo la mwisho tu.
- Kumbukumbu ya usingizi wako kwa saa 72 zilizotangulia tukio. Daftari la kawaida linatosha.
- Sura ya muda wa kazi na mapumziko katika kitabu cha uendeshaji cha kampuni yako. Isome ukiwa umepumzika, siku ambayo huna shida na mtu.
- Fomu yenyewe. Kampuni nyingi zina fomu ya uchovu iliyotengwa na ile ya matukio ya usalama. Ujue ilipo kabla hujaihitaji.
- Kipimo cha uchovu cha Samn-Perelli, chenye ngazi 7. Ngazi ya 1 ni kuwa macho kabisa, ya 4 ni uchovu kidogo, ya 6 ni uchovu mkali ambao kukaza fikra ni kazi ngumu, na ya 7 ni kuishiwa kabisa. Kampuni nyingine hutumia kipimo cha Karolinska chenye ngazi 9. Tumia kile kilicho kwenye fomu yako, usivichanganye.

Hatua kwa hatua

1. Kama hujaruka bado, usiruke. Taarifa itafuata.

Wapya wengi huchanganya mambo mawili: kusema "siwezi kuruka" na kujaza taarifa. La kwanza linashughulikia safari ya leo, la pili linashughulikia rosta. Mtu anaruka akiwa hoi, kisha jioni anajaza fomu nzuri sana kueleza alivyokuwa hoi. Huko ni kujishitaki mwenyewe, maana sheria za anga karibu kila mahali zinamkataza rubani kuingia kazini akijua hafai. Kwa Marekani, kanuni zilizoanza kutumika tarehe 4 Januari 2014 zinamtaka kila rubani wa mashirika ya ndege za abiria athibitishe kabla ya safari kwamba yuko fiti.

Piga simu ofisi ya zamu mapema uwezavyo. Sema sentensi moja: "Siko fiti kuruka kwa sababu ya uchovu, nitajaza taarifa." Ukiulizwa "Lakini ulipata mapumziko ya kutosha, sivyo?" usianze kubishana kuhusu kanuni saa kumi za alfajiri. Rudia sentensi ile ile kwa adabu, omba jina la uliyezungumza naye, andika saa.

Onyo: usiseme unaumwa kama huumwi. Naelewa kishawishi, kwa sababu ugonjwa haukuletei maswali mengi. Lakini uchovu uliosajiliwa kama mafua hauhesabiki popote, na rosta iliyokuchosha itampata mwenzako wiki ijayo ikiwa vile vile.

Je, uchovu ukikukuta angani? Mwambie mwenzako waziwazi, mapema, kabla ya kuanza kushuka. Akabidhiwe usukani. Kama kitabu cha kampuni kinaruhusu usingizi mfupi kitini kwa utaratibu maalumu, ufuateni utaratibu huo wote, ikiwa ni pamoja na muda wa kuamka sawasawa. Mtu aliyetoka usingizini huchukua dakika kadhaa, wakati mwingine nusu saa, kabla akili haijakaa sawa. Mangalore, India, tarehe 22 Mei 2010, kapteni alikuwa amelala sehemu kubwa ya safari, akaamka, akaendelea na mshuko wa kutua uliokuwa umeharibika ingawa rubani msaidizi alimtaka aachane nao. Watu 158 walikufa.

2. Andika usingizi wako leo hii, kabla hujalala tena.

Kumbukumbu ya usingizi huyeyuka upesi. Ukisubiri siku nne utaandika "nililala kama saa tano hivi", na neno "kama" litaua taarifa yako. Kwa kila usiku wa saa 72 zilizopita andika: ulipanda kitandani saa ngapi, unadhani ulishikwa na usingizi saa ngapi, uliamka mara ngapi na kwa nini, uliondoka kitandani saa ngapi. Ongeza vipande vya usingizi wa mchana. Ongeza kahawa pia, hasa ya jioni, kwa sababu baada ya saa tano hivi karibu nusu ya kafeini ingali mwilini.

Hapa kuna mtego wetu sisi tunaowaza kwa Kiswahili. Saa nane usiku kwako ni 02:00 kwenye fomu. Nimeona taarifa ambayo mwandishi alichanganya saa za Kiswahili na za kimataifa katika aya moja, na msomaji akahesabu kwamba jamaa alilala kwa muda wa saa kumi na moja. Chagua saa za UTC, yaani saa moja ya pamoja ya dunia nzima, kwa muundo wa tarakimu nne, 00:00 hadi 23:59, kisha mwanzoni mwa taarifa taja kituo chako kiko mbele au nyuma kwa saa ngapi. Usibadili katikati.

3. Chagua mlango wa kupitia.

Milango ni mitatu, na unaweza kupita zaidi ya mmoja.

Wa kwanza ni mfumo wa usalama wa kampuni. Anza hapa karibu siku zote, kwa sababu ndiko rosta inakotengenezwa na ndiko inakoweza kubadilishwa.

Wa pili ni taarifa ya lazima kwa mamlaka ya usafiri wa anga. Nchi nyingi zina orodha ya matukio ambayo huna hiari nayo. Katika Umoja wa Ulaya, Kanuni namba 376 ya mwaka 2014 inakupa saa 72 tangu ujue tukio, na uchovu unaoathiri au unaoweza kuathiri uwezo wa kufanya kazi salama umo ndani ya orodha hiyo. Angalia ya kwenu inasemaje na ina siku ngapi. Mara nyingi ukiripoti kwa kampuni, kampuni ndiyo inayopeleka mbele, lakini jukumu la kuhakikisha liko kwako.

Wa tatu ni taarifa ya hiari na ya siri kwa chombo kilicho nje ya kampuni. Marekani wana ASRS, inayoendeshwa na NASA tangu mwaka 1976. Taarifa inapokelewa, majina yanaondolewa, na mamlaka ya anga haipewi utambulisho wako isipokuwa kwa ajali au jinai. Ukiituma ndani ya siku 10 na kosa halikuwa la makusudi, kwa kawaida unaepushwa na faini au kusimamishwa leseni hata kama kosa litathibitishwa. Uingereza wana CHIRP, iliyoanza miaka ya 1980 kwa moyo huo huo. Siri na kutokujulikana ni vitu viwili: kwenye mfumo wa siri unaandika jina lako, nao wanalitunza. Taarifa isiyo na jina kabisa ni dhaifu, kwa sababu hakuna wa kumpigia simu kuuliza swali la pili.

4. Jaza namba kwanza, maneno baadaye.

Kabla ya sentensi yoyote ya maelezo, weka hivi: tarehe, namba ya safari, saa ya kuripoti kazini iliyopangwa na iliyofanyika, saa ya kumaliza iliyopangwa na iliyofanyika, idadi ya safari za siku hiyo, siku ya ngapi mfululizo kazini, na ngapi kati ya hizo zilianza alfajiri au kuvuka usiku wa manane. Kisha namba mbili ambazo wengi husahau: jumla ya usingizi katika saa 24 zilizopita, na ulikuwa umekaa macho muda gani tukio lilipotokea.

Hiyo ya mwisho ndiyo kali kuliko zote. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 uliwapima watu waliokaa macho saa 17 ukakuta utendaji wao umeshuka kiasi cha mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu, kiwango ambacho katika nchi nyingi hakikuruhusu hata kuendesha gari. Ukiandika "nilikuwa macho saa 17 wakati wa kutua", hakuna ofisa usalama atakayekujibu kwa mstari mmoja.

5. Andika kilichotokea, si ulivyojisikia tu.

Linganisha taarifa mbili za siku ile ile.

Ya kwanza: *"Nilikuwa nimechoka sana kwa sababu rosta za mwezi huu ni mbaya na ofisi haijali. Tulifanya makosa kadhaa. Naomba hatua zichukuliwe."*

Ya pili: *"Saa zote ni UTC, kituo changu ni UTC+2. Siku ya tatu mfululizo ya kuripoti kazini saa 02:30. Usingizi wa usiku wa kwanza saa 5:00, wa pili 4:30, wa tatu 5:10 (19:30 hadi 00:40), jumla 14:40. Safari nne. Nilijipima Samn-Perelli 3 mwanzoni mwa zamu, 6 kabla ya kushuka kwa safari ya nne. Saa 11:20 tuliruhusiwa kushuka hadi futi 4,000. Nilirudia namba hiyo kwa usahihi kwenye redio lakini nikaweka 3,000 kwenye mtambo. Kapteni aliona na kusahihisha tukiwa tunapita futi 6,500. Nilikuwa macho kwa saa 10:40. Usiku wote mitatu nilijaribu kulala saa 18:00 nikashindwa, kwa kuwa hiyo ni 20:00 tu kwa saa za kituo."*

Ya pili haina lawama hata moja, na ndiyo itakayomtoa jasho mpanga zamu. Sentensi ya mwisho inaeleza kwa nini mapumziko yaliyoonekana ya kutosha kwenye karatasi hayakugeuka usingizi. Mwili hauamrishwi kulala saa mbili usiku eti kwa sababu utaamshwa saa nane.

Ishara ndogo zinahesabika pia: kuitwa na waongoza ndege mara mbili bila kusikia, kusoma orodha ya ukaguzi ukaruka mstari, kukumbuka kwamba mlishuka lakini hukumbuki mlivyoshuka, kichwa kudondoka kwa sekunde mbili. Zitaje na saa zake.

6. Taja sababu, hata zile za nyumbani.

Rudi kwenye zile nne. Usingizi ulipotea wapi? Ulikaa macho muda gani? Tukio lilikuta saa ya mwili ikiwa wapi? Kanuni nyingi hulihesabu dirisha la 02:00 hadi 05:59, kwa saa ambazo mwili wako umezizoea, kuwa ndilo bovu zaidi. Kazi yenyewe ilikuwaje: hali mbaya ya hewa, kifaa kibovu, ndege kubadilishwa, chakula kukosekana?

Kisha sema ukweli kuhusu nyumbani. Tarehe 25 Januari 2024 marubani wote wawili wa ndege ya Batik Air kutoka Kendari kwenda Jakarta walilala kwa dakika 28 hivi, ndege ikatoka nje ya njia yake. Taarifa ya wachunguzi ilionyesha kwamba rubani msaidizi alikuwa na watoto mapacha wa mwezi mmoja, naye alikuwa amehama nyumba siku moja kabla. Hakuna rosta inayoonyesha mapacha. Vivyo hivyo safari ya kufika kazini: katika ajali ya Colgan Air karibu na Buffalo, Februari 2009, rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle kama abiria kabla ya zamu yake. Ukificha sehemu hii na ikagundulika, taarifa nzima itatiliwa shaka. Ukiitaja mwenyewe, inabaki sababu moja kati ya kadhaa.

7. Soma, tuma, tunza.

Lala kwanza ikiwa muda wa mwisho unaruhusu. Taarifa iliyoandikwa na mtu aliyechoka husomeka hivyo. Ondoa sifa zote kama "mbaya", "hovyo", "makusudi". Usimtaje mwenzako kwa namna ya kumchoma, na ni uungwana kumwambia kwamba unaripoti ili naye aandike yake. Tuma, chukua namba ya kumbukumbu, hifadhi nakala nje ya kompyuta ya kampuni.

8. Fuatilia.

Baada ya wiki mbili tatu uliza kwa namba ya kumbukumbu: imeainishwa vipi, na je, zamu hiyo imeshatajwa na wengine? Taarifa moja mara nyingi huonekana kama shida ya mtu mmoja. Sita kuhusu zamu ile ile, kutoka kwa watu sita, zinakuwa takwimu.

Pale mambo yanapokwama

*"Wamenijibu kwamba zamu ilikuwa halali."* Kubali sehemu hiyo kwa maandishi, kisha uliza ya kwako: je, taarifa imepitiwa kama hatari ya uchovu au kama ukiukaji wa saa? Ni mafaili mawili. Wakishikilia la saa, hapo mlango wa mamlaka au wa chombo cha siri una maana.

*"Naogopa kufukuzwa."* Woga huo una msingi mahali pengine, sitakudanganya. Mwongozo wa kimataifa wa usalama unataka kosa la kibinadamu lisiadhibiwe na adhabu ibaki kwa uzembe mkubwa na makusudi, lakini karatasi na ofisi hazifanani kila siku. Zungumza na chama cha marubani kabla ya kutuma kama unacho, tumia mlango wa siri kama upo, na usitume kwa barua pepe ya kawaida kwa bosi wako. Mfumo rasmi una ulinzi ambao barua pepe haina.

*"Nilisinzia kweli, kwa dakika kadhaa. Nikiandika si najimaliza?"* Mwenzako alijua? Mtambo wa kurekodi safari una simu za redio zisizojibiwa? Basi tukio lina mashahidi tayari, na swali lililobaki ni nani ataanza kulisimulia. Andika, tena ndani ya muda wa mwisho.

*"Muda wa mwisho umepita."* Tuma hata hivyo. Utapoteza baadhi ya ulinzi, lakini taarifa ya rosta haiozi. Eleza kwa mstari mmoja kwa nini imechelewa.

*"Nachoka kila wiki, hata nikiwa na siku tatu nyumbani."* Hapa fomu haitakusaidia sana. Kama unakoroma kwa nguvu, unaamka na kichwa kizito, au mtu anayelala karibu nawe anasema pumzi yako hukatika usiku, muone daktari wa usafiri wa anga. Kukatika pumzi usingizini kunatibika, na marubani wengi hurudi kazini baada ya matibabu. Unapokwenda, mpelekee lile daftari la usingizi.

*"Kapteni hataki niripoti, anasema tutayamaliza wenyewe."* Msikilize kwa heshima, kisha jaza ya kwako ukieleza ulichofanya na ulichoona wewe. Fomu ya mtu mmoja haihitaji sahihi ya mwingine.